Gwiji wa Bahari Kuu Ahutubia Tabora

Kutoka Tabora hadi ufukwe wa Tanga, kwa mstari ulionyooka usiojali milima wala mapori, ni kilomita 700 hivi. Setilaiti ya Kimarekani iitwayo Aqua, iliyorushwa mwaka 2002 ili ichunguze maji ya dunia, ilipangiwa njia iliyo kilomita 705 juu ya ardhi. Kwa hiyo, alitangaza Gwiji huku akishusha miwani hadi ncha ya pua, mtu aliyeketi Tabora akinywa chai yake yuko karibu na Bahari ya Hindi kuliko setilaiti yenyewe, tena kwa kilomita tano nzima. Basi ni nani mwenye haki zaidi ya kuwaambia wavuvi samaki walipo?

Ukumbi ulinyamaza. Hesabu ilikuwa sahihi, na hilo ndilo lililowatia watu wasiwasi.

Hotuba ilifanyika Jumamosi alasiri, katika ukumbi ulio karibu na stesheni ya reli, chini ya bango la kitambaa lililobeba vyeo vya msemaji: Gwiji wa Uvuvi wa Bahari Kuu kwa Njia ya Anga, Mshauri Huru wa Kina cha Maji, Bingwa wa Samaki Wasioonekana. Vyeo vyote amejipa mwenyewe, baada ya kuona, kama alivyoeleza, kwamba vyuo vikuu vinachelewa. Baharini hajawahi kufika, na hilo analihesabu kuwa sifa. Aliyefika baharini amekwisha kulowa, alisema, na mtu aliyelowa hawezi kutoa hukumu ya haki kuhusu maji. Jina lake halina haja ya kutajwa. Tabora wanamjua, na miji mingine isicheke, kila mmoja una wa kwake.

"Wazee wangu, shikamooni," alianza. "Vijana, mtanisalimia baadaye, muda ni mali. Setilaiti inawaona samaki mmoja mmoja. Inawahesabu. Wale wakubwa inawajua kwa majina."

Hapo ndipo hotuba ilipoachana na ukweli kwa mara ya kwanza. Hakuna setilaiti inayomwona samaki. Maji humeza karibu kila aina ya mionzi: mawimbi ya rada hugonga juu na kurudi, mionzi ya joto haitoki hata kwenye unene wa ukucha, na mwanga wa jua, unaojitahidi kuliko yote, hufifia ndani ya makumi machache ya mita. Kinachopimika kutoka angani ni uso wa bahari tu, yaani rangi yake, joto lake na kimo chake. Kutokana na hayo, wataalamu hukadiria mahali ambapo samaki watakuwa wamefuata chakula. Ni kazi ya jirani anayeona moshi ukifuka juu ya jiko la mwenzake na kusema leo pale wanakula: moshi ameuona, chungu hajakiona.

Lakini moshi huo una habari nyingi. Juu juu ya bahari huelea mimea midogo isiyoonekana kwa macho, yenye klorofili ileile inayoyapa majani ya mwembe ukijani wake. Mahali ilipo kwa wingi, maji hunywa mwanga wa buluu na kurudisha kijani, na tofauti hiyo inapimika hata ukiwa mbali sana. Chombo cha kwanza kilichotengenezwa mahususi kwa kazi hiyo kilipanda na setilaiti ya Nimbus-7 mwaka 1978, kikafanya kazi hadi 1986. Kikafuata SeaWiFS mwaka 1997, kisha Aqua, kisha Sentinel-3 ya Ulaya mwaka 2016, na Februari 2024 Wamarekani wakarusha nyingine iitwayo PACE. Mimea huliwa na viumbe wadogo, hao huliwa na dagaa na vibua, na nyuma ya vibua huja jodari na nduaro. Jodari hupenda kuwinda kwenye mpaka wa maji ya baridi na maji ya moto, na mpaka huo huonekana kwenye vipimo vya joto. Kimo nacho kina yake: tangu TOPEX/Poseidon ilipoanza kazi mwaka 1992, tofauti ya sentimita chache kwenye uso wa bahari huonyesha mizunguko mikubwa ya maji iliyojificha chini.

Gwiji alimaliza yote hayo kwa sentensi moja. "Sayansi ndefu," alisema, "mimi nimewafupishia," kisha akawasha projekta.

Picha ilitokea ukutani: pwani ya Somalia wakati wa kusi, na doa kubwa jekundu likiwa limejibandika ubavuni mwa Afrika. Gwiji aliligonga kwa fimbo. Kijana mmoja aliyevaa sare ya shule akanyoosha mkono.

"Samahani, mzee. Mbona bahari ni nyekundu?"

"Ni wingi wa samaki," Gwiji alijibu bila kupepesa jicho. "Wakisongamana, hupata joto."

Kwa faida ya kijana yule: wekundu ule umepakwa na kompyuta. Chombo hupeleka namba, na wachoraji wa ramani huchagua buluu kwa mimea michache na nyekundu kwa mimea mingi, kwa sababu jicho la binadamu huona tofauti hiyo upesi. Doa lenyewe ni la kweli. Kati ya Juni na Septemba upepo wa kusini-magharibi huvuma kwa nguvu sambamba na pwani ya Somalia, ukasukuma maji ya juu kwenda bahari kuu, na nafasi yake ikachukuliwa na maji ya baridi yanayopanda kutoka chini yakiwa yamejaa rutuba. Mimea husitawi, na samaki hufuata. Hilo lingetosha kumjibu kijana, na lingechukua muda mfupi kuliko ngano ya samaki wanaopata joto.

Akitafuta mahali pa kujificha, Gwiji alikimbilia angani. Afrika Mashariki, alisema, si mgeni wa mambo haya. Je, hamjui kwamba setilaiti ya Uhuru ilirushwa Kenya? Kweli ilirushwa, tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco lililosimikwa baharini karibu na Malindi. "Nayo ikahesabu jodari wote hadi Kilwa!" aliongeza. La. Uhuru ilipima mionzi ya eksirei inayotoka kwenye nyota, yaani ilitoka baharini na moja kwa moja ikaipa bahari mgongo. Setilaiti ya Kenya ya kutazama ardhi, Taifa-1, ilikuja baadaye sana, Aprili 2023, nayo ilirushwa kutoka California.

Sehemu ya pili ya hotuba ilipewa kichwa kisemacho "Tabora, Setilaiti ya Kwanza Duniani." Watu walicheka, lakini kati ya mambo yote aliyosema siku ile, hili ndilo lililokuwa na nyama.

Katika karne ya 19 njia ya misafara iliyoanzia Bagamoyo ilifika hapa Unyanyembe, ikagawanyika, moja ikaenda Ujiji na nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Kila aliyepita na pembe, chumvi ya Uvinza au shaba alipita pia na habari. Mtu aliweza kukaa Kazeh, kama palivyoitwa, bila kulowesha unyayo, na bado akajua ziwa gani lina mawimbi, wapi samaki hukaushwa na nani anatoza hongo. Wapagazi wa Kinyamwezi ndio walioleta vipimo, na vipimo vyao vilikuwa siku za mwendo.

Habari hizo zilipofika pwani na kuangukia mikononi mwa wataalamu wasiofika, ndipo mambo yalipoharibika. Wamisionari Erhardt na Rebmann walikusanya simulizi za wasafiri na kuchora ramani iliyochapishwa Ulaya mwaka 1856. Ziwa Nyasa, Tanganyika na Victoria wakayaunganisha kuwa ziwa moja kubwa mno lililojipinda, na wenye kejeli wakaiita ramani hiyo ramani ya koa. Kila kisimulizi peke yake hakikuwa uongo. Kosa lilikuwa kushona vipande vitatu kwa uzi mmoja bila kwenda kutazama.

Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walifika Kazeh Novemba 1857. Mwenyeji wao, mfanyabiashara Mwarabu Snay bin Amir, hakuwa na ramani ya koa wala ya mnyama mwingine, lakini aliwaeleza kwamba maziwa ni mbalimbali, na kwamba lile la kaskazini ni kubwa kuliko la Ujiji. Agosti 1858 Speke alilifikia upande wa Mwanza na kukuta mambo ni kama alivyoambiwa. Hata hivyo Ulaya waliendelea kubishana juu ya Mto Ruzizi, kama unatoka Ziwa Tanganyika au unaingia; maana ukitoka, huenda ndio mwanzo wa Nile. Wenyeji wa huko walikuwa wakisema unaingia. Ubishi ulikatwa Novemba 1871, Stanley na Livingstone walipopanda mtumbwi Ujiji wakaenda hadi ncha ya kaskazini, wakayaona maji yakiingia. Baada ya hapo walikuja Kwihara, nje kidogo ya Tabora, na Livingstone akakaa huko hadi Agosti 1872 akingoja wapagazi. Tembe alimokaa imejengwa upya na leo ni makumbusho.

Watu wa setilaiti nao wana mtumbwi wao wa Ruzizi. Namba inayotoka angani haiaminiwi mpaka mtu aende kwenye maji yenyewe, achote, achuje, apime klorofili, alinganishe. Kwa Ziwa Tanganyika kazi ya namna hiyo imefanyika: mwaka 2010 watafiti walichapisha ramani za mimea ya ziwa zima zilizotokana na chombo cha MODIS kilichomo ndani ya Aqua. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, TAFIRI, ina kituo chake Kigoma. Gwiji hakuitaja. Alisema tu kwamba kuchota maji ni kazi ya wasaidizi.

Mstari wa nyuma alikuwapo mzee mmoja mstaafu wa reli, Mzaramo, na Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Hakuomba ruhusa.

"Mnyamwezi wewe! Babu zako walizoea kubeba pembe za ndovu kuleta kwetu. Leo umeona hizo ni ndogo, umeamua kubeba bahari yenyewe kichwani?"

Ukumbi uliangua kicheko. Gwiji alitulia, maana utani haujibiwi kwa hasira.

"Mtani, kaa chini. Ningekubebea na wewe, lakini huna thamani sokoni."

"Nimekaa. Ila baba yangu alivua Kunduchi. Akiona membe wanazama, anajua chini kuna jodari wamefukuza vidagaa juu. Upepo wa kusi ukivuma anajua asifike wapi. Hiyo picha yako ingemwambia nini?"

Swali lilistahili jibu zuri kuliko alilopewa, ambalo lilikuwa kwamba membe hawana leseni. Picha ingeweza kumwambia mambo ambayo membe hawezi, kwa sababu membe huonekana mahali macho yanapofika, na bahari ya Tanzania peke yake, hadi maili 200 kutoka pwani, ina kilomita za mraba zipatazo 223,000. India wamelifanyia kazi jambo hili kwa miaka mingi. Kituo chao cha huduma za bahari kilichoko Hyderabad, kilichoanzishwa mwaka 1999, huchukua joto na rangi ya bahari kutoka setilaitini, hutafuta mipaka ya maji, kisha huwatumia wavuvi kwa lugha zao taarifa fupi: kutoka mwalo wenu, nendeni upande huu, umbali huu, kina hiki. Wakati wa kufunga uvuvi, taarifa husitishwa. Kwetu, mwaka 2019 mradi wa utafiti wa SOLSTICE, ulioongozwa na kituo cha bahari cha Uingereza, ulipeleka roboti za chini ya maji katika mkondo wa Pemba ili kuelewa samaki wadogo wanaovuliwa pale, na kuoanisha walichokipima na picha za angani.

Tatizo liko kwenye chombo. Mwenye ngalawa akiambiwa jodari wako maili 40 nje, amepewa habari nzuri ya mtu mwingine. Anayefaidika ni mwenye injini, barafu na mafuta ya kwenda na kurudi. Wanaofaidika zaidi ni wenye meli kubwa za nyavu, ambao wala hawategemei rangi ya maji peke yake. Hutupa maboya yanayoelea, kila boya likiwa na kifaa cha sauti kinachopima wingi wa samaki waliojikusanya chini yake, na namba hupelekwa kwa setilaiti hadi melini. Hicho ndicho kitu kilicho karibu zaidi na setilaiti ya Gwiji inayohesabu samaki, ila anayehesabu ni boya. Setilaiti ni tarishi tu. Maboya hayo yalizidi kiasi cha Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao yake Shelisheli, kuweka mwaka 2019 kikomo cha maboya 300 kwa kila meli kwa wakati mmoja.

Mia tatu kwa meli moja! Membe watafanya nini tena?

Ilipofika sehemu ya tatu, "Setilaiti na Kitoweo," Gwiji alibadilisha picha. Likatokea Ziwa Tanganyika, refu, jembamba, na kichwa chini miguu juu, Zambia ikiwa kaskazini na Burundi kusini. Hakuna aliyemwambia, kwa heshima ya umri wake.

Mama mmoja anayeuza dagaa wa Kigoma sokoni alisimama akiwa bado amefunga kitenge cha kazini. Dagaa wake huja kwa reli, kilomita 411 kutoka Kigoma, kwenye magunia, na yeye huwapima kwa sado. Bei yake hupanda na kushuka kwa sababu ambazo wateja humlaumu yeye.

"Shikamoo, mzee wangu. Naomba kuuliza. Hiyo setilaiti inapita juu ya ziwa saa ngapi?"

"Marahaba, mama. Swali la kitaalamu hilo." Gwiji alipekua karatasi zake. "Aqua ilipangiwa saa saba na nusu mchana."

"Saa saba na nusu wavuvi wamelala, na dagaa wako chini. Dagaa wanapanda usiku. Sasa inaona nini?"

Kati ya maswali yote ya alasiri ile, hili ndilo lililogusa mfupa. Dagaa wa Tanganyika hushinda kwenye kina wakati wa mchana na kupanda juu usiku kufuata viumbe wadogo wanaowala. Ndiyo maana huvuliwa kwa taa, zamani karabai na siku hizi taa za umeme wa betri na jua, katika usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazivuti, mitumbwi hupumzika, na sado Tabora hupanda bei. Chombo cha kupima rangi hakifanyi kazi bila jua. Kwa hiyo kinapotazama, samaki hawapo, na samaki wanapokuwapo, hakitazami. Zaidi ya hayo, nukta moja ya picha zinazotumika kwa kawaida hubeba kilomita moja ya mraba ya maji, na mawingu ya masika huziba yote.

Gwiji alimpongeza mama kwa ujasiri, akamwomba akae. Angemjibu hivi, angemsaidia: setilaiti haimwambii mvuvi wa Kibirizi, kule Kigoma, atege wapi leo usiku, ila inaeleza kwa nini mwaka huu gunia ni ghali.

Ziwa hilo lina kina cha mita 1,470, la pili duniani. Rutuba nyingi imekaa chini, na kuanzia mita mia moja au mia mbili kushuka chini hakuna hewa ya oksijeni, samaki hawaishi. Kinachowalisha dagaa ni upepo. Kati ya Mei na Septemba upepo wa kusini-mashariki husukuma maji ya moto ya juu kuelekea Kigoma na Bujumbura; upande wa Mpulungu, Zambia, maji ya baridi hupanda na rutuba yake, na kwenye picha za joto upande huo huonekana ukipoa. Upepo ukikoma, maji ya ndani hurudi yakiyumba kutoka upande mmoja hadi mwingine kwa wiki kadhaa, yakiinua rutuba kidogo kila yanapopita.

Sasa ziwa linapata joto. Maji ya moto ya juu yanakuwa mepesi zaidi na kukataa kuchanganyika na ya chini, na upepo uleule unafanya kazi ndogo kuliko zamani. Watafiti walioandika katika jarida la Nature mwaka 2003 walikadiria kwamba uzalishaji wa mimea ya ziwa umepungua kwa asilimia 20 hivi, na kwamba hilo linaweza kumaanisha samaki pungufu kwa asilimia 30. Mwaka 2016 wengine walisoma tabaka za tope la chini ya ziwa na kuonyesha kwamba kupungua kwa samaki kulianza kabla ya uvuvi mkubwa wa kibiashara. Uvuvi ukaongezeka juu ya hapo. Tanzania ililifunga ziwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, katika hatua iliyozihusu nchi zote nne zinazolizunguka, na Tabora ikaisikia sokoni kabla ya kuisoma gazetini.

Yaani kwenye ziwa hili shida si kujua samaki wako wapi. Wavuvi wa Ujiji wanajua. Anayekuja na ramani ya kuwaonyesha wachache waliobaki anawahimiza kumaliza upesi.

Gwiji, akihisi ukumbi unamponyoka, alirudi baharini na kutoa turufu yake. "Nani asiyewakumbuka samaki wa Magufuli?" Wote waliwakumbuka. Machi 2009 meli ya Tawariq 1 ilikamatwa katika maji ya Tanzania ikivua bila kibali, na karibu tani 300 za samaki, wengi wao jodari, zikawa habari ya nchi nzima, kwa kuwa John Magufuli ndiye aliyekuwa waziri wa uvuvi. Samaki waligawiwa hospitali, magereza na shule. "Setilaiti hiyo!" alisema Gwiji. Iliyoikamata ni meli ya doria ya Afrika Kusini yenye watu ndani, waliopanda melini kwa miguu yao.

Lakini hapa alikuwa amekaribia jambo la maana bila kujua. Setilaiti, isiyomwona samaki, humwona mvuvi vizuri sana. Meli yenye leseni ya Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu, yenye ofisi zake Fumba, Zanzibar, hutakiwa kubeba kifaa kinachotangaza mahali ilipo. Mvuvi akikizima, bado rada hupenya mawingu na giza na kuliona bati lake. Usiku taa zake humsaliti: meli za ngisi karibu na Argentina huwaka hadi huonekana kutoka angani kuwa mji. Januari 2024 watafiti wa Global Fishing Watch na wenzao walilinganisha picha za rada na matangazo ya meli, wakakuta kwamba karibu robo tatu ya meli kubwa za uvuvi duniani hazionekani kwenye mifumo ya wazi, na nyingi kati ya hizo ziko kandokando ya Afrika na kusini mwa Asia. Kwa nchi yenye boti chache za doria, hiyo ina thamani kuliko ramani mia za samaki: boti moja ikitumwa mahali sahihi haichomi mafuta bure.

Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya miembe Gwiji alipofikia kiini cha shughuli. Alitoa bahasha. Ndani yake kulikuwa na karatasi zilizofunikwa plastiki, kila moja ikiitwa Ramani ya Samaki, bei shilingi 10,000, kwa wastaafu 9,500. Mtani wake wa Kizaramo aliuliza kama bei hiyo ina nauli ya kwenda baharini. Mama wa dagaa aliichukua moja, akaigeuza ili Kigoma irudi mahali pake, akasoma tarehe iliyoandikwa kwa herufi ndogo pembeni.

"Mzee wangu, hii ni ya miaka miwili iliyopita."

"Mama, samaki hawana haraka."

Mipaka ya maji ambayo jodari huifuata huhama ndani ya siku chache, na hata wale wa Hyderabad hutoa taarifa mpya kila siku inapowezekana. Karatasi ya miaka miwili inafaa kufungia karanga. Mama aliirudisha kwa mikono miwili, kwa adabu, na akaenda kuwahi kufunga meza yake.

Msomaji anayetaka kuyaona maji hayo hana haja ya bahasha. Picha za Aqua na za Sentinel-3 hutolewa bure na wenyewe. Afungue Worldview ya NASA kwenye simu, achague tarehe ya jana, atafute ziwa refu jembamba magharibi ya Tabora, kisha aweke tabaka la joto la maji. Akikuta mawingu, arudi siku ya pili. Hakuna malipo, na mtu akimwomba shilingi 10,000 kwa ajili hiyo, amkatalie, hata kama ni jirani yake.